Star Wars: Squadrons, gemu ya mgao wa umeme angani

Niseme mapema ili anayetaka kuondoka aondoke. Star Wars: Squadrons ni gemu nzuri sana ya kurusha ndege za vita za angani, stori yake ni ya kawaida tu, onlaini yake siku hizi ni ya watu wachache walioshindikana, na ukiikuta kwenye punguzo nunua usiulize mtu. Bei kamili hapana. Kama hayo yanakutosha basi karibu tena siku nyingine, wengine vuteni viti.

Gemu ilitoka tarehe 2 Oktoba 2020, imetengenezwa na Motive, studio ya kampuni ya magemu ya EA iliyopo Montreal kule Kanada, ikatoka kwa PC, PS4 na Xbox One, na ilianza kuuzwa dola 40 wakati magemu makubwa yalikuwa yanauzwa 60. Hiyo 40 inakwambia kitu, walijua wanapika chakula cha watu maalum siyo cha harusi. Ndani hakuna cha kununua tena, hakuna yale maboksi ya bahati nasibu, rangi za ndege na midoli ya kuning'iniza kwenye dashibodi vyote unavipata kwa kucheza tu, na ukikumbuka EA hao hao mwaka 2017 walitukanwa dunia nzima kwa sababu ya maboksi ya Battlefront II, unaona kabisa hapa kuna mtu aliambiwa atulie.

Sasa tuingie kwenye kokpiti maana gemu nzima ipo humo humo. Hakuna kamera ya nje, yaani hutaiona ndege yako kwa nyuma ikipinda vizuri kama kwenye magemu mengine, umekaa kwenye kiti na unaona anachoona rubani, basi. Mwanzoni niliona wametunyima, baadaye nikaelewa kwamba bila hivyo gemu ingekosa roho. Ukipanda X-wing ya Jamhuri Mpya, wale waasi wa kwenye filamu za Star Wars, una kioo kipana na pua ndefu mbele, ukigeuza kichwa unaona bawa. Ukipanda TIE ya Himaya, ule utawala wa mabavu wanaopigana nao, una kidirisha cha duara mbele na pembeni ni ukuta wa chuma, adui akikupita kushoto ndio kashapotea hivyo, unamtafuta kwenye rada kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kwa hiyo kubadili upande siyo kubadili rangi tu, unabadilisha mpaka namna ya kuogopa.

Halafu dashibodi inafanya kazi kweli. Ile skrini ndogo inayoonyesha ndege uliyoilenga, vimwanga vya ngao, kipimo cha spidi, idadi ya misaili iliyobaki, vyote vipo pale kwenye kokpiti na ukitaka unaingia kwenye setingi unazima maandishi yote yanayoelea kwenye skrini, unabaki na vyombo vya ndege tu. Fanya hivyo ukishazoea. Inakuwa ngumu mara mbili na tamu mara nne.

Kitu kinachoibeba gemu hii lakini ni umeme. Ndege yako ina umeme wa kiasi fulani, na kuna wateja watatu wanaougombania, injini, leza na ngao, na kazi yako wakati unapigwa risasi, unamkimbiza mtu na unakwepa jiwe, ni kuamua nani apate nani akose. Sisi tuliokua na mgao wa umeme tunaielewa gemu hii haraka kuliko mtu yeyote, mtaa huu uwake ule uzime, na kuna kelele kila upande. Ukimpa injini kila kitu, spidi inapanda na bosti inaanza kujichaji, ila leza zako zinachaji kwa kujikongoja. Ukijaza leza, zinapita kiwango chake cha kawaida na risasi zinauma zaidi, ila umekuwa mzito. Ukijaza ngao unaweza kumeza kipigo cha maana, na juu ya hapo unachagua ngao zikae mbele, nyuma au zigawanyike sawa, ambalo ni jambo unalokumbuka pale tu mtu ameshakukalia mgongoni.

TIE ya kawaida na ndugu zake Interceptor na Bomber hazina ngao kabisa. Hazina. Himaya haikuona sababu ya kupoteza hela kwa rubani. Badala yake wamepewa ujanja mwingine, unaweza kuhamisha umeme wa dharura papo hapo, unakausha leza unajaza injini ukimbie, au unakausha injini unajaza leza ummalizie mtu aliyebakiwa na kidogo. Ndio maana TIE ikiwa mikononi mwa anayejua ni balaa na ikiwa mikononi mwa asiyejua ni fataki.

Ngoja nieleze pambano moja linavyokwenda ndio mtaelewa. Upo Nadiri Dockyards, ramani yenye mabomba, vyuma na meli kubwa inayojengwa nusu nusu, unamfukuza A-wing, na A-wing ndiyo ndege nyepesi kuliko zote upande wa Jamhuri Mpya. Kwenye mstari ulionyooka humpati. Umeme wote kwenye injini, bosti inajaa, anaingia kwenye uwazi kati ya vyuma viwili, unamfuata. Sasa mgeni hapa ataenda spidi ya mwisho na atagonga ukuta, maana gemu hii ndege inapinda vizuri zaidi ukiwa kwenye nusu spidi siyo ukiwa umekanyaga mpaka mwisho, na hilo ni somo ambalo kila mtu analipata kwa kufa. Kwa hiyo unapiga bosti, katikati ya bosti unaachia na kuingia drifti, pua inageuka lakini mwili wa ndege unaendelea kuteleza kule ulikokuwa unakwenda, unamuona anapita ubavuni, unahamisha umeme wote kwenye leza, unampiga akiwa bado anakata kona. Hapo hapo masikioni inaanza pi, pi, pi, pipipipi, mtu amekulenga na misaili kutoka nyuma, na wewe umeme wote uko kwenye leza, injini zimelala. Unatupa vidanganyishi vya kupotosha misaili, unarudisha umeme kwenye injini, unaomba. Yote haya ni sekunde chache sana. Vidole vinakuwa vinajifanyia vyenyewe baada ya muda na hapo ndipo gemu inakukamata.

Sauti. Vaeni hedifoni tafadhali. Ule mlio wa TIE ikipita, kwa wasiojua, ulitengenezwa miaka ya sabini na Ben Burtt kwa kuchanganya mlio wa tembo na gari linalopita kwenye lami yenye maji, na kwenye gemu hii unausikia ukikupita kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto mpaka unainamisha kichwa. Mtu wangu wa nyumbani aliniuliza kwa nini nainama peke yangu, sikuwa na jibu.

Na kwa wale wanaolalamika kwamba angani hakuna hewa kwa hiyo ndege haiwezi kupinda hivyo, ni kweli haiwezi. George Lucas alipotengeneza filamu ya kwanza aliwapangia watu wake mapambano kwa kutumia filamu za ndege za Vita ya Pili ya Dunia, na gemu imerithi hilo hilo. Hii siyo sayansi jamani, ni Spitfire zenye leza. Anayetaka hesabu za mzunguko wa sayari kuna magemu mengine.

Stori. Inaanza muda mfupi baada ya sayari ya Alderaan kulipuliwa na Himaya, unaruka upande wa Himaya chini ya kapteni anaitwa Lindon Javes, anaamriwa kuwawinda wakimbizi wa Alderaan, anagoma, anahama upande, na aliyekuwa chini yake, Terisa Kerrill, hamsamehei. Halafu tunaruka miaka mpaka baada ya vita vya Endor, Kaisari, mtawala wa Himaya, ameshakufa, Jamhuri Mpya wanajenga kwa siri meli kubwa ya kivita iitwayo Starhawk, na Kerrill anaitafuta. Unatengeneza marubani wawili, mmoja wa kikosi cha Vanguard upande wa Jamhuri na mmoja wa Titan upande wa Himaya, na misheni zinakupeleka huku na kule.

Wazo zuri, kuona vita hiyo hiyo kutoka pande mbili. Shida ni utekelezaji. Kati ya misheni na misheni unasimama kwenye hanga kama nguzo ya simu, huwezi kutembea hata hatua moja, unabonyeza mtu anakuja anakueleza historia ya maisha yake huku anakuangalia machoni bila kupepesa, wewe huna cha kujibu maana rubani wako ni bubu. Frisk, yule Trandoshan (kiumbe kama mjusi) wa Vanguard, ana ucheshi. Shen wa Titan, ambaye havui helmeti, nilimpenda kuliko wote, na ningependa gemu nzima iwe yake. Waliobaki ni wa kusikiliza huku unakunywa chai. Hera Syndulla wa kwenye katuni yupo, Wedge Antilles, rubani maarufu wa filamu, anapita kusalimia, mashabiki wa filamu na katuni wanapiga makofi, inaisha. Misheni zenyewe zimetengenezwa kwa kupendeza macho, kuna za kuvizia kwenye mawingu ya gesi na za kupita tumboni mwa meli zilizokufa, lakini nyingi zinakushika mkono, lenga hiki, piga kile, sasa njoo hapa. Na kwenye leveli ya kawaida hutasumbuka, panda moja juu mapema.

Hapa lazima nimtaje babu yake, maana huwezi kuikosoa stori ya gemu hii bila kumtaja TIE Fighter, gemu ya mwaka 1994. Huyo alitengenezwa na Totally Games ya Lawrence Holland, akiwa ametokea kwenye gemu ya X-Wing ya 1993, na ndiye aliyethubutu kukuweka upande wa Himaya mwanzo mpaka mwisho bila kukuombea msamaha. Katikati ya maelezo ya misheni kuna jamaa amejifunika kofia ya joho anakuita pembeni, anakupa kazi ya siri kwa niaba ya Kaisari, labda kagua kontena fulani ambalo hakuna aliyekwambia lina nini, na ukizifanya vizuri unapanda ngazi kwenye kundi la siri na wanakuchora alama mkononi. Yaani unapigana vita ya mbele huku unafanya umbea wa ikulu. Ukimaliza misheni unabaki unajiuliza kama umesaidia au umetumika. Squadrons ina picha mara elfu lakini haina hata kona moja ya namna hiyo, kila kitu kinasemwa kwa sauti. TIE Fighter ilirudishwa sokoni na GOG, duka la magemu la mtandaoni, mwaka 2014, inakwenda kwenye laptopu yoyote hata ile ya kuandikia barua, na picha zake ni pembetatu zilizopakwa rangi, lakini wiki ya pili huzioni tena pembetatu. Wakorofi zaidi wanachukua gemu ya X-Wing Alliance ya 1999 halafu wanaweka juu yake kazi ya mashabiki waliojenga upya TIE Fighter nzima kwa picha za kisasa, bure. Ile ni kazi ya mapenzi na inaonekana.

Turudi. Onlaini kuna aina mbili. Ya kwanza ni watano kwa watano, kuuana tu, wa kwanza kufika 30 ameshinda, nzuri ya kupasha misuli. Ya pili ndiyo gemu yenyewe, vita ya meli kubwa, na hii ningependa kila mtu aicheze angalau mara chache. Mnaanzia katikati mnagombania ari ya vita, upande unaoua zaidi unapata nafasi ya kusonga mbele kushambulia meli mbili za kati za mwenzake, zikianguka mnafika kwenye meli mama, ambayo ni Star Destroyer kwa Himaya au MC75 kwa Jamhuri. Lakini ari inabadilika, mkifa fa hovyo mnasukumwa nyuma mnaanza kulinda ya kwenu, na mchezo unakwenda mbele na kurudi hivyo hivyo kama kuvuta kamba. Meli mama haipigwi popote tu, unachagua uanze na jenereta za ngao, au mitambo ya kulengea ili mizinga yake isiwapate, au mitambo ya umeme. Hapo ndipo Y-wing, lile lori la mabomu linalotembea kama limebeba mchanga, linapata heshima yake. Na U-wing ya Jamhuri na Reaper ya Himaya, ndege za kusaidia, zinazowaongezea wenzao misaili na kuwatengenezea bodi hewani, nani anazitaka? Hakuna. Kila mtu anataka kuwa Wedge. Ukikubali kuwa fundi wa timu utashinda mechi nyingi na hakuna atakayekushukuru.

Ila sasa ukweli wa leo. Desemba 2020 waliongeza ndege mbili, B-wing na TIE Defender, ikawa ndio mwisho wa vitu vya maana, studio ikahamia kazi nyingine, na Juni 2021 gemu ikagawiwa kwa wenye PS Plus, ile huduma ya kulipia ya PlayStation, kwa hiyo kukaja wimbi la watu wapya, wakapigwa, wengi wakaondoka. Waliobaki wamebaki kwa sababu wanajua mambo ambayo hayakuandikwa popote. Kuna ujanja wa kukata bosti na kuingia drifti mfululizo, bosti, kata, bosti, kata, ndege inaruka ruka pembeni kama kumbikumbi kwenye taa, hata misaili inachoka. Wengine wanaita ni ustadi, wengine wanaita ni uharibifu wa gemu, mimi nasimama na hawa wa pili japo nakiri kwamba kumtazama anayeiweza ni burudani. Kwa mgeni lakini ni mateso matupu, unakufa hujaona hata ndege iliyokuua.

Ongeza na suala la kucheza kutoka huku kwetu. Seva ziko mbali, pingi inapanda, na kwenye gemu ambayo adui anapita mbele yako kwa nusu sekunde, ule ucheleweshaji unauona, unapiga mahali alipokuwa siyo mahali alipo. Usiku sana hali inakuwa nafuu kidogo ila ndio hivyo, kesho kuna kazi. Suluhisho ambalo watu wanalidharau ni kwamba vita ya meli kubwa unaweza kuicheza dhidi ya kompyuta, peke yako au na wenzako, na mimi kwa sasa ndiyo naicheza zaidi kuliko yote. Kompyuta siyo wajinga sana, meli kubwa zinaunguruma, unashinda au unashindwa ndani ya muda wa kuchemsha maharage nusu, unalala.

VR, ile miwani inayokuingiza ndani ya gemu, nimeionja kwa mshkaji, kwenye PC, gemu nzima inachezeka hivyo, na kwenye PS4 pia. Sitasema mengi. Unapoweza kuinua kichwa na kumfuata adui kwa macho anavyopita juu ya kioo cha X-wing, huku mikono inaendelea na kazi, unaelewa kwa nini walikataa kamera ya nje. Ila tumbo liwe tayari, usile kwanza. Na kwa bei ya zile miwani, kwa wengi wetu ni kitu cha kuonja kwa mshkaji tu.

Pedi au joistiki? Pedi inatosha kabisa, msidanganywe. Kijiti kimoja spidi na kubiringika, kingine pua, mishale ya pedi inagawa umeme, na vidole gumba vinazoea. Lakini joistiki yenye mkono wa kasi pembeni, hata ile ya bei ya chini kabisa, inabadilisha kila kitu kwa sababu ile nusu spidi niliyoisema unaisikia kwa mkono, huitazami. Nilipotafuta mtaani duka moja waliniletea usukani wa gari wakaniambia ni kitu kile kile, nikaagiza nje. Ukishaipata ingia kwenye setingi upunguze ile sehemu mfu ya katikati ya kijiti, maana ikiwa kubwa unasukuma na ndege haisikii, halafu ghafla inasikia yote kwa pamoja. Na washa mgao wa umeme wa hali ya juu, ule wa kugawa kipimo kwa kipimo, kwa sababu ule wa kawaida unakulazimisha ujaze kimoja mpaka juu au usawazishe vyote, na vita nyingi zinaamuliwa pale kati kati.

Kwa mwenye kibanda cha PS anayefikiria kuiweka kwa wateja, usijisumbue. Haina watu wawili kwenye skrini moja, na dogo aliyelipia nusu saa ataitumia yote kujifunza kutogonga ukuta, atadai arudishiwe FIFA yake. Hii ni ya mtu mmoja, mlango umefungwa, hedifoni masikioni. Wameandika inahitaji nafasi ya GB 40, kwa hiyo nunua bando ya usiku uiache ishuke, na utahitaji akaunti ya EA hata kama umenunulia Steam, duka la magemu ya PC, itengeneze kabisa kabla usije ukakwama usiku wa manane unatafuta neno la siri. Ikiwaka, pita kwanza kwenye uwanja wa mazoezi, chukua X-wing, weka spidi nusu, na uzunguke vile vyuma mpaka uache kugonga ndipo uguse stori.